Mtumishi na Mkandarasi: Hati za Kazi Katika Chama Chetu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Njiru. Yamechapwa katika kijitabu hiki kwa agizo la Kamati.)



Kamati imeniagiza niseme juu ya jambo lililoleta maneno mengi katika mkutano uliopita, nalo ni hili: je, yule kijana atunzaye hema na viti vya Chama ni mtumishi wetu, au ni mkandarasi? Mimi si wakili. Kazi yangu ni ukarani, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiandika daftari za mishahara na hati za mapatano katika ofisi moja ya Eneo la Viwanda. Jambo hili hunipitia mkononi kila mwisho wa mwezi, nami nitasema lile ninalolijua.

Mambo mawili yako mbele yenu leo. La kwanza ni ukuta wa kiwanja chetu, ambao fedha zake zimekwisha changwa. La pili ni huyo kijana. Kamati ndogo imeleta pendekezo ya kwamba wote wawili, fundi wa ukuta na kijana wa hema, wapewe hati ya namna moja yenye kichwa cha "Mapatano ya Mkandarasi", ili Chama kisije kikadaiwa likizo, wala notisi, wala malipo ya uzeeni. Nasema mapema ili nisiwaweke mkinisubiri: kwa fundi wa ukuta pendekezo hilo ni jema. Kwa kijana wa hema si halali, na likipita litakigharimu Chama kuliko gharama ya kukiri ukweli.

Shida yetu yaanzia katika lugha. Twasema "nimempa kazi" kwa mtu tuliyemwajiri, na kwa mtu tuliyemwita atengeneze mlango tukamlipa akaenda zake. Neno ni moja, lakini mapatano ni mawili mbalimbali. Kwa yule wa kwanza twanunua siku zake: anakuja saa tuliyomwambia, anafanya tunalomwagiza, na kama hapana la kufanya asubuhi hiyo, hasara ni yetu. Kwa yule wa pili twanunua mlango. Akiutengeneza kwa siku mbili au kwa juma zima, akiamka alfajiri au akilala mpaka adhuhuri, hayo ni yake, mradi mlango uje kwa kipimo na kwa bei tuliyopatana. Ubao ukipasuka mikononi mwake, atanunua mwingine kwa fedha yake.

Hapa Njiru hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tazameni machimbo yetu ya mawe. Mwenye lori ambaye huja kununua mawe kwa futi, akayapeleka Kayole au Ruai na kuyauza kwa bei aipendayo yeye, huyo ni mfanyabiashara, hakuna atakayebishana. Lakini yuko mchonga mawe akaaye shimoni mwa tajiri mmoja kila siku, kwa nyundo na patasi za tajiri, analipwa kwa hesabu ya mawe aliyoyachonga. Wengi husema, "Huyu hulipwa kwa jiwe, basi hana tajiri." Sivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaitambua kazi ya vipande, yaani kazi ambayo ujira wake hupimwa kwa wingi wa kazi wala si kwa muda, na yaiweka ndani ya ajira. Namna ya kulipa peke yake haimtoi mtu katika utumishi. Nimeanza na hili kwa sababu ndilo kosa nililolisikia mara nyingi zaidi, hata katika ua huu.

Sasa, mahakama hupambanuaje? Kwa muda mrefu kulikuwa na kipimo kimoja tu, tulichokirithi kwa Waingereza: ni nani mwenye amri juu ya namna ya kufanya kazi? Kama bwana aweza kusema si tu nini kifanywe bali pia kifanyweje, basi aliye chini yake ni mtumishi. Kipimo hicho bado kinafaa, lakini hakitoshi, maana yuko daktari aliyeajiriwa ambaye mwajiri wake hawezi kumwambia ashikeje kisu. Kwa hiyo mahakama huuliza na mengine. Vyombo vya kazi ni vya nani? Faida ikizidi au hasara ikitokea, yamwangukia nani? Je, mtu huyo aweza kumtuma mwingine badala yake, au ni lazima aje mwenyewe? Je, amekuwa kiungo cha shughuli ya mwajiri, au amekaa nje yake kama mwenye duka? Je, yuko huru kuwafanyia watu wengine kazi? Hakuna swali moja linaloamua peke yake. Yote huwekwa katika mizani pamoja.

Iko kesi moja ya Uingereza, ijulikanayo kwa mwaka 1968, ya kampuni ya Ready Mixed Concrete, ambayo husomwa sana na mawakili. Dereva wa lori la zege alivaa sare za kampuni, na lori lake lilipakwa rangi za kampuni, wala halikuruhusiwa kubeba mzigo wa mtu mwingine. Mtu angesema upesi, huyu ni mtumishi. Lakini lori lilikuwa lake, alikuwa akilinunua kwa malipo ya polepole. Mafuta na matengenezo yalikuwa juu yake. Aliweza kumweka dereva mwingine badala yake. Na faida au hasara ilikuwa yake. Jaji akaamua kwamba alikuwa mkandarasi. Basi msidhani ya kwamba sheria humpendelea mtumishi kila mara. Sheria hutafuta ukweli wa mambo.

Na kesi ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la waosha magari 20 na kampuni yao, Autoclenz. Watu hao walikuwa wametia sahihi karatasi zilizosema wazi ya kwamba wao ni wakandarasi, kwamba kila mmoja aweza kumtuma mwingine badala yake, na kwamba kampuni hailazimiki kuwapa kazi wala wao kuipokea. Walilipwa kwa kila gari. Karatasi zilikuwa safi kabisa. Lakini mahakama ilitazama jinsi mambo yalivyokuwa kila siku pale uani, ikaona ya kwamba maneno yale hayakuwa mapatano yao ya kweli. Waosha magari wakashinda. Miaka kumi baadaye, mwaka 2021, mahakama hiyo hiyo ilifuata njia hiyo juu ya madereva wa Uber. Mahakama zetu za Kenya hazifungwi na hukumu za huko, lakini huzisoma na kuzipima, nazo pia hazikubali jina lililoandikwa juu ya karatasi kuwa mwisho wa maneno. Ukimwita mbuzi ng'ombe katika hati, na mashahidi wakatia sahihi, asubuhi yake atalia kama mbuzi.

Turudi kwa kijana wetu, tumtie katika mizani hiyo bila kumpendelea wala kumwonea. Yeye hufika saa moja asubuhi, nayo ni saa aliyowekewa na Katibu. Hema, viti, kamba na mkokoteni ni mali ya Chama. Hema ikiraruliwa na upepo katika arusi, hasara ni ya Chama. Mwezi ukipita bila mazishi wala arusi, bado hupata malipo yake yale yale. Siku moja alipomtuma nduguye aje badala yake kwa ajili ya mazishi, yule ndugu alirudishwa, akaambiwa ya kwamba Chama hakimjui. Alipoomba Jumamosi moja akamsaidie mkodishaji mwingine wa hema huko Mihang'o, alikatazwa, kwa sababu yeye ni "mtu wetu". Wazee wangu, neno hilo "mtu wetu" limo katika kumbukumbu za mkutano, nimelisoma mwenyewe. Wakili akilisoma mbele ya jaji, hatahitaji kusema jingine.

Baadhi ya wanachama wamesema ya kwamba hapo mwanzo alilipwa kwa kutwa, basi ni kibarua tu, na kibarua hana haki. Neno hili lataka kuelezwa polepole. Kwa sheria ya 2007, kibarua ni yule ambaye mapatano yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, naye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Lakini fungu la 37 la sheria hiyo lasema ya kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake ni mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutazamiwa kwisha kabla ya miezi 3, basi huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi. Tangu hapo hawezi kuachishwa jioni kama mtu aliyeazimwa. Hupaswa kupewa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Kijana huyu yuko nasi mwaka wa nne sasa.

Nalifikiria mara nyingi neno hilo "kibarua". Asili yake ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa, ili ijulikane amefanya kazi siku ngapi. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake! Nami najua ya kwamba baadhi ya wazee waliomo humu hawapendi karatasi za kazi, na wanayo sababu. Baba zao walivaa kipande shingoni kuanzia miaka ya 1920. Ndani yake bwana aliandika siku ya kuingia na siku ya kutoka, na mtu aliyeiacha kazi bila kuandikiwa ruhusa aliweza kukamatwa kama mhalifu. Karatasi ile ilimfunga mmoja tu. Mwenye kuivaa mara nyingi hakuweza kuisoma, na mwenye kuisoma hakufungwa nayo. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, tulipopata Uhuru tulidhani tumemaliza habari ya kuandikwa." Simlaumu hata kidogo. Lakini hati ya ajira ya sasa ni kitu kingine. Sheria imemtwika mwajiri, si mtumishi, wajibu wa kuiandika. Kama mtumishi hajui kusoma, au haijui lugha iliyotumika, mwajiri lazima ahakikishe ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Na ikiwa siku moja kuna shauri, na mwajiri hawezi kuitoa hati hiyo, basi ni juu ya mwajiri kuthibitisha au kukanusha yale mtumishi anayodai kwamba walipatana. Hebu lifikirini hilo. Kijana akisema mbele ya mahakama, "Waliniahidi posho ya nyumba," nasi hatuna karatasi, kazi ya kuthibitisha vingine ni yetu.

Wengine wamesema ya kwamba wazee wetu walifanya kazi pamoja bila karatasi, na nyumba zikasimama. Ni kweli. Wakamba walikuwa na mwethya, Wakikuyu wakawa na ngwatio, na kila kabila lina jina lake. Lakini mle hamkuwa na mwajiri. Leo watu walima shamba langu, kesho mimi nalima lao, na deni lilijulikana na kijiji kizima. Kijana wa hema hana siku atakayoona Kamati ikija nyumbani kwake kumbebea viti. Kwa hiyo tusiitumie desturi njema ya wazee kufunika jambo ambalo wao hawakulifanya.

Sasa nije kwenye ukuta, maana hapa ndipo mapatano ya mkandarasi yanapofaa, na ndipo fedha nyingi hupotea. Tunataka ukuta wa mawe kuzunguka kiwanja. Namna moja ni kumpa mkandarasi yote, mawe, saruji, mchanga na mikono. Namna ya pili ni kununua vifaa wenyewe, fundi alete mikono tu. Kamati imependelea ya pili kwa sababu mawe yako karibu nasi na wanachama wengine wana malori. Nakubaliana nayo, kwa sharti moja: yaandikwe ni nani anayehesabu vifaa vikifika na ni nani anayevilinda usiku. Mifuko ya saruji ina miguu.

Hati ya fundi haina haja ya kuwa ndefu. Iseme urefu na kimo cha ukuta, kina cha msingi, aina ya mawe, na mchanganyiko wa saruji. Iseme bei ya kazi yote, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Ikiwa tutabadili neno lo lote, tuseme kuongeza lango la pili, liandikwe na kutiwa sahihi kabla halijafanywa, si baada. Malipo yatoke kwa hatua: msingi ukiisha, sehemu, ukuta ukifika nusu, sehemu, ukiisha, sehemu, na kiasi kibaki mkononi mwa Chama mpaka mvua za masika zipite juu yake, ili tuone kama umesimama. Fundi mwema hakatai sharti hili. Nimeona ya kwamba wale wanaolikataa hutaka pia nusu ya fedha kabla ya kuleta mwiko. Na tusimchukue fundi kwa kuwa ni jamaa ya mtu. Tumwulize kazi alizozifanya, twende tukaziangalie, na tuone kama ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Pia wako wasaidizi wake, na hapa nawaomba mnisikilize. Katika ujenzi mmoja nilioushuhudia, mwenye kiwanja alimlipa fundi kila Jumamosi kwa uaminifu. Jumamosi ya sita fundi alichukua fedha asionekane tena. Jumatatu vijana tisa waliketi langoni mwa mwenye kiwanja, wakadai ujira wa majuma mawili. Yeye alisema, "Mimi sikuwaajiri." Wao wakasema, "Wewe ndiwe uliyetuonyesha mahali pa kuweka jiwe." Na ilikuwa kweli, alisimama pale kila siku akiwaamuru. Mwishoni aliwalipa, akawa amelipa mara mbili. Kwa hiyo hati yetu iseme ya kwamba wasaidizi ni waajiriwa wa fundi, kwamba yeye ndiye awalipaye na ndiye awakatiaye bima ya ajali za kazini, na kwamba kabla ya kupokea fedha ya hatua inayofuata ataleta orodha iliyotiwa sahihi na kila msaidizi kwamba amelipwa. Na sisi nasi, wazee wangu wapendwa, tujizuie. Najua ya kwamba ukuta ukianza, wengi wetu tutapita kila asubuhi kumwambia kijana wa zege aongeze maji au apunguze. Tukifanya hivyo tunajivika uajiri ambao hati yetu imeukataa. Mwenye neno amwambie mwakilishi wa Kamati, naye amwambie fundi.

Juu ya ajali sitasema mengi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka kila mwajiri awe na bima kwa ajili ya watumishi wake, na mtumishi akiumia kazini mwajiri ndiye mwenye wajibu wa fidia. Kijana wetu hupanda juu ya lori lenye vyuma vya hema mara tatu kwa juma. Akianguka kesho, neno "mkandarasi" halitamlipia hospitali, wala halitatuokoa sisi.

Najua swali lililobaki mioyoni mwenu ni la fedha. Tufanye hesabu kwa mfano tu, tukichukua mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mfuko wa malipo ya uzeeni, NSSF, huchukua sehemu 6 kwa mia kwa mtumishi na 6 kwa mia kwa mwajiri, yaani shilingi 1,200 kila upande. Ushuru wa Nyumba za Bei Nafuu, tangu Machi 2024, ni moja na nusu kwa mia kila upande, yaani shilingi 300. Bima ya Afya ya Jamii, iliyoanza Oktoba 2024, ni 2.75 kwa mia, yaani shilingi 550, nayo hutoka kwa mtumishi peke yake. Basi katika makato hayo matatu Chama kitaongeza shilingi 1,500 kwa mwezi juu ya mshahara, ambazo kwa mwaka ni shilingi 18,000. Ada ya bima ya ajali iongezwe juu yake. Kisha apewe likizo ya siku za kazi 21 kwa mwaka kwa malipo kamili, siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku za ugonjwa kama sheria isemavyo.

Sasa tuangalie upande wa pili. Tukimwita mkandarasi, kisha siku moja tukamfukuza kwa neno la jioni, anayo miaka 3 ya kwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Akionekana kuwa ni mtumishi aliyeachishwa bila sababu ya haki na bila kusikilizwa, mahakama yaweza kuamuru alipwe fidia hadi mishahara ya miezi 12. Kwa mshahara ule ule wa mfano wetu hiyo ni shilingi 240,000, mbali na notisi, likizo ambazo hakupewa, na malipo ya utumishi kwa miaka ambayo hatukumwandikisha NSSF. Fedha hizo zitatoka wapi? Zitatoka katika ule mfuko wa mazishi, maana Chama hakina mwingine. Mjane atakuja kuomba sanduku na usafiri wa kwenda Machakos au Siaya, naye Mweka Hazina atamwonyesha hukumu ya mahakama.

Lakini hata tukiiweka hesabu kando, jina la Chama chetu ni la ustawi. Wanachama wengi humu ni watumishi. Mna mabawabu, madereva, wapishi na makarani, na wengi wenu mmenijia nyumbani jioni na karatasi ambazo matajiri wenu wamewaletea mtie sahihi, zenye kichwa hicho hicho cha mkandarasi, nanyi mkaniuliza kwa uchungu maana yake nini. Mtu mmoja aliniletea karatasi kama hiyo mwezi uliopita, na leo asubuhi nimeona jina lake miongoni mwa walioliunga mkono pendekezo la Kamati ndogo. Sitamtaja. Yeye mwenyewe ananiangalia.

Kwa hiyo naleta pendekezo badala ya lile lililoletwa, na Katibu ameniruhusu nilisome. Kwanza, fundi wa ukuta apewe mapatano ya mkandarasi kama nilivyoyaeleza. Pili, kijana wa hema apewe hati ya ajira, yenye jina lake na la Chama, maelezo ya kazi yake, mahali pa kazi, saa zake, mshahara wake na siku ya kulipwa, likizo, notisi, na siku aliyoanza kazi. Na siku hiyo iandikwe ile ya kweli, ya miaka minne iliyopita, si ya leo. Nasisitiza hili la mwisho, kwa sababu nimeambiwa ya kwamba wako wanaokubali hati lakini wanataka ianze mwezi ujao kana kwamba jana hakuwako. Tatu, Mweka Hazina amwandikishe katika mifuko ninayoitaja, akaulize katika ofisi zao juu ya miezi iliyopita, na alete jibu kwa Kamati kabla ya siku 30. Nne, Kamati ihakikishe ya kwamba mshahara wake haupungui kiwango cha chini kilichowekwa na serikali kwa mji wa Nairobi, pamoja na posho ya nyumba.

Hati zote mbili nimekwisha zipiga chapa kwa Kiswahili, nazo ziko mezani kwa Katibu, kila moja nakala tatu. Ile ya ajira, Chama kitalazimika kuitunza kwa miaka 5 hata baada ya utumishi kwisha, basi tafadhali isiwekwe katika kabati lile linalovuja. Kijana mwenyewe yuko nje, anapanga viti vya chakula cha mchana. Naomba, Bwana Mwenyekiti, kabla ya kura kupigwa, aitwe aingie, asomewe hati yake kwa sauti mbele yetu, aulizwe kama ndivyo mambo yalivyo, na kama liko neno analotaka libadilishwe, aliseme.